Mtambue Ndege kwa Anavyokula: Mwongozo wa Asubuhi ya Baridi Central Park

Watu wengi wa New York huanza kutazama ndege mwezi wa Mei, wahamaji wanapopita kwa makundi wakielekea kaskazini. Kwa mtu anayeanza, huo ndio mwezi mgumu kuliko yote. Miti imeshafunga majani, ndege wako vileleni, wote wanaimba kwa wakati mmoja, na kila mwenye darubini anataja jina ambalo mgeni hajapata kulisikia. Anarudi nyumbani shingo inamuuma, na hana hata ndege mmoja anayeweza kusema kwa yakini kwamba amemjua.

Ushauri wangu ni huu: anza Januari. Miti haina majani, aina za ndege ni chache, na njaa inawakusanya mahali pamoja. Huna haja ya kuzunguka kuwatafuta. Simama penye chakula, nao watakuja, tena watarudi mara kumi kwa saa moja, hadi uwazoee. Jambo kubwa la kujifunza si rangi zao. Rangi hubadilika kwa mwanga, kwa jinsia na kwa majira. Jifunze namna kila mmoja anavyokula, kwa sababu tabia ya mlo haibadiliki, na utaitambua hata ndege akiwa kivuli cheusi mbele ya theluji.

Mwongozo huu ni wa Central Park, lakini utakufaa katika mji wowote wa mashariki mwa Marekani wenye bustani na kituo cha kulishia ndege, kwa kuwa wageni wa mezani ni karibu walewale.

Mahali penyewe

Katikati ya Central Park kuna Ramble, msitu mdogo wenye vijia vinavyopindapinda. Unaonekana kama pori la asili, lakini ulipandwa na watu katika karne ya 19 kwa mchoro wa Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux. Ndani yake kuna uwazi uitwao Evodia Field. Majira ya baridi watu wa kujitolea hutundika hapo vyombo vya chakula na kuvijaza: mirija yenye vitundu iliyotiwa mbegu za alizeti, vizimba vya waya vyenye vipande vya shahamu, na mirija ya mbegu nyembamba nyeusi ziitwazo nyjer, zao lenye asili ya nyanda za juu za Ethiopia. Ukiwa Brooklyn, Prospect Park nayo huwa na kituo cha namna hii kwenye Breeze Hill.

Ukija kwa treni ya chini ya ardhi, shuka kituo cha 81 Street, kilipo jumba la makumbusho ya historia ya viumbe. Treni za B na C husimama hapo, lakini wikendi ni C peke yake. Ingia bustanini, elekea kasri la Belvedere. Ramble inaanzia kusini ya kasri hilo.

Ndani ya Ramble kila mtu hupotea, kwa hiyo jifunze kusoma nguzo za taa. Kila nguzo ina kibati chenye tarakimu nne. Mbili za kwanza ni namba ya mtaa ulio usawa wako. Mbili za mwisho zikiwa witiri, uko upande wa magharibi wa bustani; zikiwa shufwa, uko mashariki. Ukiona 7623, uko usawa wa mtaa wa 76, upande wa magharibi. Kwa namba hiyo utajua pa kutokea, na ukimpigia mwenzako simu utaweza kumwelekeza ulipo.

Saa ya kufika

Mapema Januari jua la New York huchomoza yapata saa 1:20 asubuhi na kutua kabla ya saa 11 jioni. Usiku una zaidi ya saa 14, na ndege mdogo huukabili kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea mchana wa jana. Fikiria chikadi, mwenye uzito wa gramu 11 hivi. Usiku wa baridi kali hushusha joto la mwili wake kwa takriban digrii 10 za Selsiasi ili asiimalize akiba hiyo kabla ya kucha. Ndiyo maana asubuhi hana muda wa kupoteza. Kufika kwako nusu saa baada ya jua kuchomoza kutakukutanisha na ndege wenye njaa ya kweli, na ndege mwenye njaa hakujali sana wewe uliyesimama.

Chagua siku baada ya theluji kuanguka. Chakula cha ardhini kimefunikwa, hivyo wengi huja kituoni, na hata walao chini huonekana waziwazi juu ya weupe. Epuka siku ya upepo mkali: vyombo huyumba na ndege hujificha.

Mavazi na vifaa

Kutembea kunapasha mwili, kusimama hakupashi. Hilo ndilo kosa la wengi: wanavaa nguo za mtu anayetembea, na baada ya nusu saa miguu imekufa ganzi. Karibu na ngozi vaa fulana ya sufu au ya kitambaa cha michezo. Pamba ikishika jasho hukaa na unyevu na kukupoza. Juu yake weka sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Mabuti yawe na nafasi ndani, kwa sababu soksi mbili zilizobana huzuia damu na miguu hupoa zaidi. Beba kipande cha boksi la karatasi ngumu ukisimamie. Baridi nyingi inayouma miguu hutoka ardhini. Chupa ya chai ya tangawizi itakuongezea saa nzima.

Darubini inayofaa ni ile iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usishawishike na ukuzaji wa 12 au zaidi: hukuza pia mtetemeko wa mkono wenye baridi, na utaona ukungu wa rangi tu. Ukishafika, acha darubini nje kifuani. Ukiificha kotini na kuitoa kila mara, vioo vitajaa mvuke. Ukirudi nyumbani iache ndani ya mfuko wake hadi ipate joto polepole.

Kuishika ni ujuzi wa dakika tano, na wengi hawafundishwi. Mtazame ndege kwa macho matupu. Usimwondolee macho. Kisha inua darubini hadi ikutane na macho yako. Anayetazama darubini kwanza, halafu akaanza kumtafuta ndege ndani yake, atakuta matawi. Kabla ndege hawajaja, lenga chombo cha chakula na urekebishe lenzi hadi uone wazi mbegu moja moja. Wakija utakuwa tayari.

Dakika 20 za kwanza

Simama mita 10 hivi kutoka kwenye vyombo, jua likiwa nyuma yako, karibu na shina la mti ili umbo lako lisijitokeze. Halafu tulia. Ukifika, ndege hunyamaza na kusogea nyuma. Hiyo ni kawaida. Mpe kila mmoja nafasi ya kukuona kwamba huna nia mbaya naye. Usinyooshe kidole, kwa maana mkono ulionyooshwa ghafla huwatawanya wote. Kumwelekeza mwenzako, sema kwa sauti ya chini: mrija wa kushoto, tundu la chini.

Kardinali ndiye mara nyingi huwa wa kwanza alfajiri na wa mwisho jioni. Baada yake chikadi hufika na kundi lake, na wengine hufuata. Usijaribu kuwajua wote. Jiulize swali moja kwa kila ndege: akipata mbegu, anafanya nini nayo?

Wachukuao na kuondoka

Chikadi ana kofia nyeusi, kidevu cheusi na mashavu meupe. Anatua kwenye tundu la mrija, anachukua mbegu moja, anaondoka. Mfuate kwa macho hadi kwenye tawi. Utamwona ameibana mbegu chini ya vidole vya miguu yake yote miwili na kuipigapiga kwa mdomo hadi ganda lipasuke. Wakati mwingine haili. Anaichomeka kwenye ufa wa gome, anarudi kuchukua nyingine. Huficha mbegu sehemu nyingi sana na huzikumbuka.

Titimausi ana mlo uleule, ila ni mkubwa kidogo, wa kijivu, mwenye kishungi kichwani, jicho kubwa jeusi na ubavu wa rangi ya kutu. Ukiona kivuli chenye kishungi kinachukua mbegu moja na kutoweka, ni yeye.

Jei buluu ni mkubwa na mwenye kelele. Hachukui mbegu moja. Hujaza koo hadi livimbe, kisha huruka mbali kwenda kuficha. Akiwepo, wadogo husogea pembeni wakisubiri aondoke.

Wapandao magome

Nathachi ndiye rahisi kuliko wote: hushuka mti kichwa chini. Hana haja ya mkia, vidole vyake vyenye nguvu vinatosha kumshikilia. Akipata mbegu huibana kwenye gome na kuigonga. Mwenye tumbo jeupe huonekana kila mwaka. Mwenye tumbo la rangi ya kutu na mstari mweusi kupita jichoni ni mdogo zaidi, na miaka mingine huja kwa wingi.

Kigogota yeye hupanda kichwa juu, na mkia wake mgumu huutumia kujiegemeza. Mtafute kwenye shahamu. Kigogota mdogo wa rangi nyeusi na nyeupe, mwenye mdomo mfupi, ndiye atakayekuja mara nyingi. Dume ana baka jekundu kisogoni. Kigogota tumbo-jekundu ni mkubwa zaidi, mgongo una mistari myembamba ya kukatiza. Usihangaike kulitafuta tumbo jekundu, kwani wekundu huo ni hafifu mno. Tazama kichwa: wekundu ukianzia mdomoni hadi kisogoni ni dume, ukiwa kisogoni tu ni jike.

Kwenye shahamu hiyohiyo utamkuta kwenzi wa Ulaya, wa ukoo mmoja na kwenzi wa Afrika, amejaa madoa meupe ya majira ya baridi. Huja kwa kundi na kula kwa kugombana. Ana historia hapahapa: mwaka 1890 Eugene Schieffelin aliwaachia huru kwenzi 60 hivi ndani ya Central Park, na kizazi chao kikaenea bara zima.

Wakaaji wa mezani

Kundi hili halichukui na kuondoka. Hukaa, hutafuna, na huondoka likifukuzwa. Kardinali dume ni mwekundu mwili mzima, kasoro uso mweusi kuzunguka mdomo. Jike ni wa hudhurungi mwenye wekundu kidogo mabawani, mkiani na kishungini. Mwelekezee darubini na umtazame mdomo. Mbegu ya alizeti inaingia pembeni, ulimi unaigeuza hadi ukingo ukae sawa, mdomo mnene unabana mara moja, na nusu mbili za ganda zinadondoka huku na huku. Ukishakiona kitendo hicho kwa karibu, hutamchanganya na ndege mwingine tena.

Chiriku wa nyumbani hukalia tundu la mrija hadi ashibe, na maganda humwagika chini yake. Dume ana wekundu kichwani na kifuani; jike ni wa michirizi ya kahawia tu. Asili yao ni magharibi mwa Amerika. Wafanyabiashara wa ndege waliokuwa wakiwauza kinyume cha sheria waliwaachia karibu na New York mwaka 1940, na hao ndio mababu wa walioko mashariki leo. Chiriku wa dhahabu hupenda nyjer. Usitegemee kumwona wa njano iliyowaka: wakati wa baridi ni wa zeituni iliyofifia, na kitambulisho chake ni mabawa meusi yenye mistari myeupe.

Shomoro wa nyumbani utamjua mara moja ukiwa umekulia Zanzibar au Mombasa. Ni yuleyule. Kote huko kaletwa na binadamu. New York alifikia Brooklyn katika miaka ya 1850.

Walao chini

Usikodolee vyombo tu ukasahau ardhi. Mbegu zinazodondoka zina wenyewe. Shomoro koo-jeupe huruka kidogo mbele na kufukua kwa miguu yote miwili kwa pamoja kuelekea nyuma, kisha hutazama kilichofunuka. Mlio wa majani makavu yanayofukuliwa utakuambia yupo kabla hujamwona. Ana mistari kichwani, na koo jeupe lililokatwa kama kola. Wengine wana mistari myeupe, wengine ya kaki. Hao ni wa aina moja, na si suala la dume na jike. Kiangazi huzaliana katika misitu ya Kanada na kaskazini mwa Marekani. New York kwao ndiko kusini.

Junko ni wa kijivu cheusi juu na mweupe tumboni, mdomo wa waridi. Akiruka, manyoya meupe ya pembeni ya mkia humetameta. Hua hafukui wala hatafuni: anameza mbegu nzima nzima hadi tumbo la koo lijae, kisha anaenda kukaa mahali salama na kuisaga taratibu.

Kuna miaka mbegu za misitu ya Kanada huwa haba, na wageni wa kaskazini hushuka kwa makundi, hasa chiriku wa misonobari, wa michirizi na mwenye njano kidogo bawani. Ukiona kwenye nyjer ndege usiyemjua, usimpite haraka.

Kituo kikinyamaza ghafla

Itafika dakika ambapo wote watatoweka kwa pamoja. Nathachi aliyebaki mtini ataganda palepale kama fundo la gome. Hapo wacha vyombo, tazama matawi ya kati. Yupo kipanga.

Mara nyingi ni kipanga wa Cooper: mabawa mafupi mapana, mkia mrefu wenye ncha ya mviringo, mwili uliotengenezwa kwa kukata kona kati ya miti. Chikadi ndiye atakayetoa habari. Mwito wake huishia kwa silabi inayorudiwarudiwa, di-di-di, na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa marudio huongezeka kadiri hatari inavyozidi. Bundi au kipanga mdogo mwepesi humtia hofu kuliko mkubwa mzito, kwa sababu ndiye anayeweza kumkamata. Zihesabu hizo silabi.

Usimfukuze kipanga. Naye amevumilia usiku uleule wa saa 14, na amekuja kula.

Adabu za kituoni

Kujaza vyombo waachie waliojitolea. Mkate na mabaki ya chakula huwashibisha ndege bila kuwalisha, na huwaita panya. Usipige sauti za ndege kwa simu ili kuwavuta. Ndege anayekimbilia mpinzani asiyekuwepo anachoma mafuta aliyoyahitaji kwa usiku. Mbwa ndani ya Ramble lazima awe kwenye kamba. Mpiga picha asisogee mbele ya waliotangulia. Ukimgundua bundi amelala mtini, usitangaze alipo. Ukikuta ndege mgonjwa au mfu usimshike kwa mkono.

Usalimie watu. Kituoni wapo watu waliozoea ndege hawa kwa miaka mingi, na wengi hufurahi kuulizwa. Uliza, "Yule anayefukua pale ni nani?" Utajibiwa, na mara nyingi utaazimwa darubini.

Andika ulichokiona

Beba daftari dogo na penseli, maana kalamu ya wino hugoma kwenye baridi. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, na kwa kila aina andika idadi kubwa kuliko zote uliyoiona kwa mara moja. Usijumlishe kila anayekuja: chikadi mmoja akirudi mara 20 bado ni mmoja.

Hesabu hizi zina kazi. Siku ya Krismasi mwaka 1900, Frank Chapman aliwashawishi watu wahesabu ndege badala ya kushindana kuwapiga risasi, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Walijitokeza watu 27 katika maeneo 25, na Central Park ilikuwa mojawapo. Hesabu hiyo huendelea mpaka leo kila mwaka, kati ya Desemba 14 na Januari 5, na mtu anayeanza hupokelewa na kuwekwa na kundi lenye mwenye uzoefu. Februari kuna nyingine ya siku nne, iliyoanza 1998, ambayo unaweza kuifanya ukiwa dirishani kwako. Orodha yako ya kawaida unaweza kuiingiza katika tovuti ya eBird, na programu ya Merlin, ambayo ni ya bure, itakusaidia kwa sauti na picha. Tumia Merlin kuthibitisha, si kuanzia. Kwanza tazama, ujiambie mwenyewe ni nani, ndipo uiulize simu.

Ukitaka kuwalisha nyumbani

Anza na mbegu nyeusi za alizeti, ambazo karibu wote huzila. Tundika chombo chini ya mita moja kutoka dirishani, au zaidi ya mita 10. Katikati ya hapo ndege akishtuka hupata kasi ya kutosha kujiua kwenye kioo. Kioshe kila baada ya wiki mbili na ukikaushe. Tangu 1994 chiriku wa nyumbani wanasumbuliwa na ugonjwa wa macho unaoenezwa kwa urahisi penye vyombo vichafu. Ukimwona mmoja jicho limevimba na kufunga, ondoa chombo, kisafishe, na usimamishe kulisha kwa wiki mbili ili ndege watawanyike. Asiyekuwa na nafasi ya kuosha ni heri asitundike kabisa, aende bustanini.

Basi chagua Jumamosi moja ya Januari, vaa nguo za mtu anayesimama, na uende na lengo dogo: kumjua chikadi, nathachi na shomoro koo-jeupe, watatu tu, kwa wanavyokula. Nenda na mtoto kama unaye, kwa sababu watoto huzishika tabia hizi haraka kuliko sisi. Mei ikifika na wahamaji wakajaa, utakuwa tayari una jicho, na jicho hilo hufundishwa vizuri zaidi wakati wa baridi.